Intarapti za ajabu kwenye VM ya ARM: angalia laini ya kifaa chako kabla hujaisingizia KVM

Mkuu, kama nimekuelewa, una Raspberry Pi 4, unaendesha QEMU (programu ya kuigiza kompyuta) mashine ya virt (ubao wa ARM wa kubuni) juu ya KVM (sehemu ya kerneli ya Linux inayoendesha VM), umejiandikia kifaa cha kuigiza ndani ya QEMU na draiva yake kwenye Linux ya gesti (ile iliyo ndani ya VM), kitu kinapiga kazi fresh tu halafu ghafla logi inatema "irq 45: nobody cared", kifaa kinakata moto. Unauliza kama GIC ya KVM (kigawaji cha intarapti, yaani miito ya vifaa kwa CPU) ina bagi. Sidhani. Tatizo hilihili nimekaa nalo kazini, tulikuwa tunaigiza mita ya umeme, na kila aliyepita mezani alikuwa anaitupia KVM lawama.

Kwanza hiyo 45 achana nayo, ni namba ambayo Linux imejipangia yenyewe. Ingia kwenye gesti, piga cat /proc/interrupts, uangalie namba inayofuata baada ya neno linaloanza na GIC, hiyo ndio ya kufuatilia. Intarapti za vifaa (SPI) zinaanzia 32, kwa hiyo ukiandika <0 10 4> kwenye device tree (maelezo yanayoiambia kerneli kuna vifaa gani) utaiona kama 42. Kuna watu wanaandika 42 moja kwa moja mlemle, inakuwa 74, na kwenye virt hapo ushaingia eneo la virtio-mmio (vifaa vya kubuni vya QEMU yenyewe) ambalo ni SPI 16 hadi 47, yaani unagombana na jirani ambaye hata hujui yupo.

Halafu elewa huo ujumbe unasema nini. Kerneli inahesabu, katika intarapti 100,000 za laini moja zikipita 99,900 ambazo hendla (funksheni ya draiva inayopokea intarapti) imezikana, inaifunga laini. Kwa hiyo ukiuona ujumbe jua ni mafuriko, sio intarapti moja iliyopotea njia. Ile moja moja ni kitu kingine kabisa: CPU inauliza GIC kuna nini, GIC inajibu 1023, maana yake aliyeita ameshanyamaza. Hiyo ni kawaida hata kwenye chuma halisi, usikose usingizi.

Sasa mafuriko yanatoka wapi. Ile 4 ya kwenye device tree ni leveli, yaani laini ikiwa juu GIC itaendelea kuita mpaka kifaa chenyewe kiishushe. Nenda kwenye hosti (Linux ya Pi yenyewe), washa tresi (rekodi ya matukio ya kerneli) ya vgic_update_irq_pending (iko chini ya events/kvm kwenye tracing), soma trace_pipe. Kila mstari unakupa VCPU (CPU ya gesti), IRQ na level. Kifaa kizima utaona level: 1, level: 0, 1, 0, kinapanda kinashuka. Sisi tuliona "IRQ 42, level: 1" halafu kimya, hakuna 0 tena, na wakati huohuo gesti inapigwa intarapti kama mvua. Yaani KVM ilikuwa inapeleka ilichoambiwa, basi.

Kwenye kodi ya kifaa qemu_set_irq ya kushusha laini ilikuwa sehemu moja tu, draiva inaposoma data. Ila bafa ikifurika draiva haisomi data, inafuta tu biti ya kosa kwenye rejista ya status, na njia ile hakuna aliyekumbuka kushusha laini. Status ni 0, laini iko juu, hendla inasoma 0 inarudisha IRQ_NONE (sio yangu), GIC inaita tena, mduara. Ndio maana inakaa poa muda mrefu halafu inalipuka siku kuna mzigo.

Dawa ni funksheni moja, qemu_set_irq(s->irq, (s->status & s->mask) != 0), uiite kila mahali status au mask (rejista ya kuchagua intarapti zipi ziruhusiwe) inapoguswa, reset ikiwemo. Usiende kubadilisha 4 kuwa 1 (eji, yaani GIC inaita pale tu laini inapopanda) kama wengi wanavyoshauri, mafuriko yatakoma kweli, ila laini bado itakuwa haishuki, utakuwa umelificha kosa tu. Na kurudisha IRQ_HANDLED (nimeishughulikia) kila mara ndio kibaya zaidi, umemfumba macho mlinzi, kerneli haitafunga laini tena na vcpu itakaa 100% huna hata mstari wa logi wa kuanzia.

Ukitaka kuitoa KVM kwenye mashaka, endesha hiyohiyo kwa accel=tcg (QEMU inaigiza CPU yenyewe bila KVM) na -cpu cortex-a72. Mafuriko yakiwepo bado, KVM haihusiki. Yakipotea usishangilie haraka, TCG ni slow na inawezekana bafa haifuriki tu.

Hayo yote ni ya kifaa cha kuigiza. Kama ni chuma halisi umekipitisha kwa gesti kupitia VFIO (njia ya Linux ya kuipa VM kifaa halisi) habari ni nyingine, pale hosti inaziba intarapti mpaka gesti imalize, inabidi uangalie /proc/interrupts za pande zote mbili.

Tuwekee mistari kama ishirini ya tresi kabla laini haijafungwa, pamoja na ile funksheni ya write ya kifaa chako. Nikishuka kwenye daladala nitaipitia.