Kabla ya kudai nyumba, uliza kiwanja ni cha nani

Tangu nilipoachana na baba watoto, wenzangu hunifuata na swali lilelile: "Nusu yangu ya nyumba nitaipataje?" Huwajibu kuwa Zanzibar hakuna nusu iliyowekwa pahala ikikungoja. Hiyo nusu tumeisikia kutoka bara, na hata huko si ya moja kwa moja. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka mahakama iangalie nani kachangia nini, na tangu hukumu ya kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 kazi za nyumbani nazo huhesabiwa kuwa mchango. Lakini sheria ile haivuki bahari. Huku Muislamu huenda kwa kadhi, na kadhi ana Sheria ya Mahakama ya Kadhi Na. 9 ya 2017, iliyoshika nafasi ya ile ya 1985. Hii ya sasa inamruhusu kugawa mali za wanandoa pale penye mchango halisi.

Kwa hivyo usiende mbele ya kadhi na miaka uliyopika na kulea, ukadhani hiyo peke yake itasimama. Iseme, ni haki yako kuisema. Ila atataka kujua fedha ilitoka wapi, ikanunua nini, na nani aliona.

Mie nashona, na mtaani kwetu ndiye mshika fedha wa upatu. Daftari nilikuwa nalo kwa sababu upatu bila daftari ni ugomvi, si kwa kuwaza talaka. Lakini siku ya siku lilionesha zamu yangu ilitoka mwezi gani, na risiti ya bati ikawa ya wiki ileile. Fundi aliyepiga kenchi alikuja akasema nani alimlipa. Baba watoto mwenyewe hakukana.

Saruji ndiyo iliyotusumbua. Dukani huandikwa jina la aliyekwenda kununua, na aliyekwenda ni mwanamme. Fedha imetoka kwenye cherehani yangu, risiti ina jina lake. Kama ndio kwanza mnajenga, mwambie muuza duka aandike majina yote mawili. Hakatai, anachotaka ni fedha. Ukimtumia mumeo kwa simu, ujumbe usiufute. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahimiza watu waandikiane deni. Tunaisoma kila Ramadhani, lakini kumuandikisha mume tunaona haya.

Sasa lililonitoa jasho. Nyumba yetu ya Fuoni imesimama kwenye kiwanja alichokiweka wakfu bibi yake baba watoto kwa ajili ya dhuria wake, yaani kizazi chake. Mali ya wakfu haiuzwi, haitolewi hiba, yaani zawadi, hairithiwi. Inabaki ilivyo, na wanaotajwa na aliyeiweka ndio wanaofaidika nayo. Watoto wangu ni dhuria wa yule bibi, mie si dhuria. Hata baba watoto hakuwa mmiliki, alikuwa mmoja wa wenye kunufaika. Sasa utagawana nini na mtu juu ya kitu ambacho hata yeye si chake?

Pahala pa kuuliza haya ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, inayofanya kazi kwa sheria ya 2007. Nenda ukaulize kabla ya kesi, na ikiwezekana kabla ya kumwaga msingi. Usitosheke na "kiwanja ni cha kwetu" cha mawifi. Cha kwetu chaweza kuwa wakfu, urithi usiogawiwa, au eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi, na kila kimoja kina njia yake. Na kwa sheria ya ardhi ya 1992 ardhi yote huku ni ya umma, anachokuwa nacho mtu ni haki ya matumizi. Jina lililo kwenye hati ya haki hiyo ndilo la kulitazama.

Kwa vile ardhi haikugusika, tulibaki na vifaa na ujira wa mafundi. Baba watoto alitaka bati zihesabiwe kwa bei ya siku niliyonunua, mie nikataka bei ya leo. Wazee walivutana wee, mpaka fundi akapanda juu akatazama kutu, akasema zipi zina umri na zipi zimekwisha. Tukachukua bei ya leo tukapunguza uchakavu. Naona ni njia ya haki, na ukiweza ipendekeze wewe kabla hawajapendekeza yao.

Ukafuata ulipaji. Ana mikarafuu Pemba, akasema, "Nitakulipa karafuu zikija." Mpemba mwenzangu, unajua mkarafuu: mwaka mmoja unainama kwa mzigo, kisha unakukalia miaka na vishada viwili vitatu. Nilikubali karafuu ziwe chanzo cha fedha, lakini nikataka itajwe idadi ya shilingi, na tarehe ya mwisho hata kama mti haukuzaa. Kisha makubaliano yakapelekwa kwa kadhi yakawa amri ya mahakama. Ahadi ya barazani, hata mbele ya wazee saba, huwezi kuipeleka pahala ikatekelezwa.

Wapo watakaokwambia, "Muwaandikie watoto nyumba, yaishe." Maneno mazuri, na mara nyingi yanasemwa ili mama anyamaze. Hiba haitimii kwa kutamkwa tu ukumbini. Lazima kuwe na makabidhiano, na kwa usalama iandikwe na isajiliwe. Na wenzetu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi wetu, wana kauli kuwa mzazi anaweza kurejea hiba aliyompa mwanawe. Kama baba ndiye mtoaji, muulize kadhi hilo hasa, usiogope kuonekana mjuaji.

Wewe unayetaka kuondoka mwenyewe, tahadhari na khului, talaka ya mke kujikomboa. Unaomba uachiliwe, unaambiwa urudishe mahari, sawa. Lakini hapo hapo hupenyezwa "na nyumba nimesamehe". Usikubali viunganishwe. Fidia ya khului itajwe kwa kiasi chake, na madai ya mali yabaki peke yake kwenye karatasi nyengine. Ndugu yangu mmoja aliachia mchango wa nyumba nzima kwa sababu alikuwa amechoka na alitaka tu kulala kwao.

Mahari ambayo hukulipwa ni deni, lidai. Dhahabu uliyopewa ni yako. Vyombo ulivyokuja navyo ni vyako, ingawa utashangaa sufuria zinavyopata wenyewe wengi siku ya kuhama.

Kama hukumudu wakili, sheha wako, mkuu wa shehia, atakuonesha msaidizi wa sheria wa shehia. Kuna pia Kituo cha Huduma za Sheria na jumuiya ya wanasheria wanawake, ZAFELA. Ndoa isiyokuwa ya Kiislamu huenda mahakama za kawaida.

Na talaka ikishatoka, kama ni rejea, yaani mume bado anaweza kukurudia, usifungashe siku ileile. Suratut Talaq inakataza mke kutolewa nyumbani katika eda, ule muda wa kungoja baada ya talaka, na matumizi yake yako kwa mume. Wakati huo upo ndani, na karatasi zimo ndani. Piga picha risiti, hati ya kiwanja, kadi ya umeme na maji, na uzitume kwa dada yako usiku huohuo, kabla simu haijapotea.