Kivuli cha askari kwenye kipindi cha Jiografia

SWALI: Shikamoo mama. Nafundisha Jiografia kidato cha tatu. Shule imepata projekta, nami huwaonyesha wanafunzi filamu za hali halisi. Mwalimu wa taaluma ananiambia niache sinema nikafundishe. Wanafunzi wanaotaka uandishi wa habari nao wananiuliza taarifa ya saa mbili usiku ina kazi gani, wakati kila kitu wameshakiona kwenye simu. Niwajibuje?
Mwalimu, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mwalimu wa taaluma usimpuuze. Nimekaa chumba cha kuhariri picha miaka ishirini na miwili, na nyingi ya filamu hizo ni twiga, machweo na sauti nzito. Mtoto anatoka ameburudika, basi.

Nitakutajia moja tu inayofundisha. Julai 2018 ilisambaa video ya askari wakiwaongoza wanawake wawili na watoto wawili, mmoja yuko mgongoni kwa mama yake, kisha wakawapiga risasi. Serikali ya Cameroon ikasema ni uzushi. Africa Eye, kitengo cha habari za uchunguzi cha BBC, kikatengeneza filamu fupi, Anatomy of a Killing, yenye maswali matatu: wapi, lini, nani.

Wapi? Nyuma ya askari kuna safu ya milima. Waliilinganisha na picha za setilaiti mpaka umbo likakubali: karibu na Zelevet, kaskazini kabisa mwa Cameroon, jirani na mpaka wa Nigeria. Lini? Wakatazama majengo yanayoonekana kwenye video, lipi lilikuwa limeshajengwa na lipi lilikuwa bado halijabomolewa, wakabana miaka. Kisha wakapima vivuli vya askari wanaotembea, wakapata kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015.

Hiyo ni mada yako, mwalimu! Machi 21 jua liko juu ya Ikweta. Lakini pembe ile ile ya jua hurudi Septemba. Waulize kwa nini kivuli peke yake hakitoshi.

Serikali ilibadili kauli, ikatangaza kuwakamata askari saba. Mwaka 2020 wanne walihukumiwa kifungo cha miaka 10.

Hao wanafunzi wako sasa. Kweli, tukio litawafikia kwenye simu kabla halijamfikia mhariri, na siku hizi linaweza kuwa limetengenezwa na akili unde, halikutokea popote. Mtangazaji wa kusoma tu kilichoonekana tangu asubuhi simwoni akidumu. Atakayebaki na kazi ni yule anayeweza kusema picha hii ni ya wapi na ya lini, na akakuonyesha amejuaje.

Mimi somo hilo nililipata kwa aibu. Kulinyesha mvua kubwa Dar es Salaam, gari letu likakwama njiani, saa ya taarifa imefika. Nikachomoa mkanda wa zamani wa mafuriko ya Jangwani, nikaubandika. Kabla hatujamaliza michezo, mzee mmoja akapiga simu chumba cha habari: "Binti, hiyo nyumba yenye bati jekundu ilishavunjwa. Alikuwa anakaa shemeji yangu." Setilaiti hakuwa nayo mzee yule.

Filamu itazame wewe kwanza, maana kuna sehemu ngumu, na useme mapema ili asiyetaka atoke. Ikifika kwenye milima isimamishe, wabishane kabla hawajaambiwa. Kesho yake wapeleke uwanjani na kijiti cha mita moja, wapime kivuli kila nusu saa, wamkaribishe na mwalimu wa taaluma. Anzeni saa mbili asubuhi. Jua la Tabora likishapanda, hakuna atakayekusikiliza.