Kundi langu la watu 214, na usiku nilionyamaza

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimefungua kundi la WhatsApp la kujisomea. Siku tatu tu tumefika watu tisini. Nifanyeje lisije likafa?" Nikaanza kumjibu palepale, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Jibu ninalolijua ni refu, na lina aibu ndani yake.

Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, somo la takwimu lilikuwa linatutoa jasho, ndipo nikafungua kundi. Tulianza watu tisa wa safu ya mbele. Mwezi haujaisha tukawa 214. Sitajifanya kwamba sikufurahi. Watu nisiowajua walikuwa wakinisimamisha kwenye korido, "Wewe ndiye admini?", nami najibu kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na madaraka, kumbe moyoni ni sherehe tupu. Miezi miwili iliyofuata haina la kusimulia: salamu za asubuhi, picha za maua, ujumbe wa kufowadiwa, notsi mara mojamoja.

Halafu usiku mmoja, kama saa nne hivi, dada mmoja ambaye hakuwahi kuandika chochote akauliza swali. Kwa nini namba moja kubwa sana ikiingia kwenye data inauvuta wastani, lakini namba ya katikati haitikisiki? Swali zuri kabisa, ukiniuliza leo. Akaibuka kijana mmoja, mcheshi wa darasa, ambaye ndiye aliyekuwa akitugawia mitihani ya miaka ya nyuma: "Huyu chuo kaingilia dirishani?" Basi. Emoji za kucheka zikamiminika. Mwingine akarekodi ujumbe wa sauti wa sekunde nane, kicheko kitupu. Juu ya skrini nikaona jina la yule dada na neno "anaandika". Likapotea. Likarudi. Likapotea. Lilipopotea mara ya tatu, ukatokea ule mstari mdogo wa katikati unaosema mtu amejitoa.

Nilikuwa hewani muda wote. Niliandika "Jamani, inatosha", kidole kikaning'inia juu ya kitufe cha kutuma, nikafuta. Na hili sijawahi kulisema popote: kati ya emoji zile, moja ilikuwa yangu. Nilicheka kwa sababu waliocheka walikuwa wengi, na kwa sababu mitihani ilikuwa kwa yule kijana.

Asubuhi watu kumi na mmoja waliniandikia pembeni, kila mmoja kivyake. "Admini, ya jana hayakupendeza." "Mwenzetu ameonewa." Kumi na mmoja! Kila mmoja alikuwa ameuona ukimya wa wenzake akadhani ndiyo makubaliano, akanyamaza, na ukimya wake ukawa ushahidi kwa mwingine. Nami niliwajibu wote kwa adabu, pembeni, kama mtu asiyehusika.

Muhula uliofuata tukafundishwa majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya mwaka 1951. Mtu anaonyeshwa mistari na kuulizwa upi unalingana na huu wa mfano. Jibu hata mtoto analiona. Ila wenzake chumbani wamepangwa kutaja jibu lisilo sahihi, wote lilelile. Katika mizunguko 12 ya namna hiyo, karibu watu watatu kati ya wanne walifuata kundi angalau mara moja. Lakini kilichonigonga mimi ni kingine: alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema ukweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Mmoja. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja mfukoni.

Likaja somo la jaribio la wanasaikolojia Darley na Latané, 1968. Wanafunzi wamekaa kila mmoja chumba chake, wanazungumza kwa maikrofoni bila kuonana, ghafla mwenzao mmoja anasikika kama ameshikwa na kifafa. Walioamini kwamba ni wao peke yao wanaomsikia, 85% walitoka kutafuta msaada kabla kifafa hakijaisha. Walioamini kuna wengine wanne wanasikiliza, 31%. Mhadhiri akaenda slaidi inayofuata, mimi nikabaki kwenye ile. Vyumba tofauti, sauti bila sura, kila mtu anamngoja mwenzake: ni lile kundi langu, miongo kadhaa kabla ya simu zetu. Na sisi hatukuwa watano.

Nikaamua kurekebisha. Niliandika sheria kumi na nne, ambazo naamini hazikusomwa na mtu, na nikagawa uadmini kwa watu wanne, mmoja wao yule mcheshi, maana nilidhani ukimpa mtu cheo atatulia. Alipomrudia mtu mwingine kwa kejeli zilezile nikamkemea mbele ya wote, kwa mara ya kwanza. Nusu saa baadaye nilikuta nimeondolewa. Kwenye kundi nililolifungua kwa mkono wangu! (Siku hizo WhatsApp iliruhusu mwanzilishi aondolewe.) Kwa nilivyosimuliwa, hakuna aliyeuliza hata "admini yuko wapi". Ila pembeni nilipata ujumbe sita: "Pole sana kaka." Naukumbuka kila mmoja, na sitaki kudanganya kuwa hauniumi tena.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye watu tisini, sikiliza. Usiandike "nani ana notsi za wiki ya pili?" Mtaje mtu kwa jina. Mwaka 1979 Latané na wenzake waliwapigisha watu kelele: mtu akiwa katika kundi la watu sita alitoa takriban 40% ya sauti aliyoitoa akiwa peke yake. Ni watu sita tu hao! Wewe una tisini, unategemea nini? Mtaje mtu. Ukiona anaonewa mtu, usimwandikie admini pembeni, andika palepale walipo wote, na kama kuna aliyekutangulia, kuwa wa pili, hata kwa neno moja. Na wewe admini, ukiandikiwa pembeni na wa kwanza, mwombe aseme kundini, kisha umuunge mkono kwa jina lake. Pole ya pembeni ni pole ya kujipa raha mwenyewe. Najua ninahubiri. Nimeilipia haki ya kuhubiri.

Uadmini mpe mtu aliyewahi kumtetea mwenzake hadharani. Anayechekesha mwache achekeshe.

Baada ya kumtumia yote hayo, msomaji akaniuliza swali moja tu: "Na yule dada ulimwomba radhi?" Ndiyo, baada ya muda mrefu kuliko inavyostahili. Nilimwandikia kwamba nilicheka na kwamba nilifuta nilichotaka kusema, kisha chini nikaweka jibu la swali lake, na mfano wa namba tano nilioutengeneza mwenyewe. Tiki mbili ziligeuka bluu usiku uleule. Hajajibu.