Mgahawa wa chipsi ukuta kwa ukuta na nyumba yako: yaliyotukuta sisi, na kilichosaidia

Mkuu mleta uzi, nimesoma maelezo yako mara mbili. Unasema jirani ameuza, mnunuzi anabomoa ukuta wa mbele aweke mgahawa wa chipsi na kuku wenye dirisha la kuhudumia watu wakiwa ndani ya magari, na wenzako wanataka kuandamana hadi manispaa. Kuna mchangiaji kakujibu kwamba mwenye kiwanja ana hati yake, kaeni kimya. Sikubaliani naye hata kidogo, ila na maandamano pia siyaungi mkono. Ngoja nikueleze ya kwetu.

Mtaa wetu uko hapa Dar, kwenye yale maeneo yaliyopimwa miaka ya 1970 kwa mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ndiyo hayo ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Viwanja ni vidogo, nyumba zimebanana, ukikohoa usiku jirani anakupa pole asubuhi. Nyumba ya kona ilikuwa ya mzee mstaafu. Alipofariki, watoto wakaipangisha. Mafundi wakaanza kuingia na kutoka, sisi tukadhani ni ukarabati. Tulikuja kushtuka siku bango linapandishwa.

Hapo ndipo tulipopoteza mchezo, kuchelewa. Hati ya kiwanja hutaja matumizi yake. Kama imeandikwa makazi, kugeuza kuwa biashara kunahitaji kibali cha kubadilisha matumizi, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na majirani wana nafasi ya kuweka pingamizi maombi yakiwa bado mezani. Barua yenu ikifika wakati huo inapimwa. Ikifika wakati mtu keshamwaga zege na keshakopa benki, kila ofisa atawaonea huruma, lakini hakuna atakayetaka kuwa wa kusema pavunjwe.

Mgahawa ukaanza. Asiyeishi na hali hii hudhani tunadeka, kwa hiyo naomba nieleze vizuri. Mafuta ya kukaangia chipsi yanapashwa hadi nyuzi 170 au 180, na ule mvuke wake haupotei hewani, unatua. Kwetu bomba la moshi lilitokea ubavuni, usawa wa dirisha la jikoni. Mvuke ukatua kwenye mapazia, kwenye neti, kwenye kanga zilizoanikwa. Mke wangu alihamishia kufua alfajiri ili nguo ziwe zimeanuliwa kabla ya saa tano, saa ambayo mashine zao zilikuwa zinawashwa. Mtoto wetu wa pili alienda shule akaambiwa na wenzake ananuka kuku. Alilia siku hiyo, na mimi nililia ndani kwa ndani.

Halafu mfereji. Asubuhi moja nilifuata harufu hadi kwenye mfereji wa maji ya mvua mbele ya geti letu. Nikachokonoa kwa kijiti. Juu palikuwa pameganda utando mweupe, mnene kama nta ya mshumaa, ndani yake maganda ya viazi na mifupa ya kuku. Walikuwa wanamwaga mafuta machafu usiku, yakipoa yanaganda. Vuli ilipoanza mfereji ukagoma kupitisha maji, yakaingia kwa bibi wa nyumba ya tatu mpaka kwenye magodoro. Tulimtolea vitu nje saa nane za usiku.

Tukaandika barua. Majirani 41 tukasaini, na ujumbe wenyewe ulikuwa mmoja: hatutaki mgahawa mtaani kwetu. Mtendaji wa mtaa akaisoma, akaniangalia akaniambia, "Mzee wangu, mmeandika hamtaki. Sijaona mlipoandika mnaumizwa na nini." Nilikasirika wakati ule. Leo naona alitusaidia kuliko wote.

Ukaitishwa mkutano wa mtaa. Kijana mmoja akasimama, ninamjua tangu akiwa anabebwa mgongoni. Akasema, "Baba zangu, mama zangu, shikamooni. Mimi nilikuwa nashinda kijiweni, mnajua. Sasa hivi namnunulia mama dawa za presha kwa mshahara wa pale. Mkipafunga, mniambie niende wapi." Palikuwa na vijana wanne wa mtaa wetu walioajiriwa mle. Tangu siku hiyo sikutamka tena neno kufunga. Wapo majirani waliona nimenunuliwa, na wawili hatujarudiana vizuri hadi leo.

Tulichofanya baada ya hapo ni kugawa malalamiko. Suala la mfereji tukalipeleka kwa afisa afya wa kata, kwa Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, na picha za utando ule pamoja na magodoro ya bibi. Jenereta na muziki tukapeleka kwa afisa mazingira, maana kuna kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema wazi kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Mitungi ya gesi tukapeleka Zimamoto. Hii ya mitungi ndiyo iliyotuamsha kuliko zote: minne ya kilo 38, imeegemezwa kwenye ukuta ambao upande wetu ni chumba wanacholala watoto. Tulikaa miezi tunalalamikia harufu, na muda wote huo mitungi ile ilikuwa pale pale.

Zimamoto walikuja mapema kuliko wengine, na mitungi ikahamishiwa upande wa barabara ndani ya siku mbili. Wengine walichukua muda, tulirudi ofisini mara nyingi, lakini bomba la moshi likapandishwa juu ya paa na jikoni pakachimbwa shimo la kunasa mafuta kabla maji hayajatoka. Kuegesha magari mbele ya mageti yetu hakujaisha, na bodaboda wa kubeba oda bado wanapiga honi saa tano usiku. Siwezi kukwambia tumeshinda.

Wewe mkuu bado uko kwenye hatua ya ukuta kubomolewa. Usiipoteze. Kesho nenda idara ya mipango miji ya manispaa yenu, ulizia kwa maandishi kama kuna maombi ya kubadilisha matumizi ya kiwanja hicho, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Andikeni madhara moja moja, kila moja kwa ofisi inayohusika nalo. Na kabla ya yote, mfuateni mwenye mradi wawili watatu, kwa heshima, mkiwa na mama mmoja mtu mzima. Wa kwetu nilikaa naye baada ya miezi mitano, akaniambia hajui kabisa kuna chumba cha watoto nyuma ya ule ukuta, na sura yake ilionyesha hakuwa anadanganya. Muulizeni bomba la moshi litaelekea wapi, maji ya jikoni yatatokea wapi, na mitungi ataiweka upande gani.