Kabla hujasema "geit": kwa mnaojifunza Kiholanzi

Jamani mi nina shemeji Mholanzi, kamuoa dadaangu, na kila wakija nyumbani Mikindani kazi ya kutafsiri inakua yangu maana dada akishafika tu yuko kwa mashoga zake.

Siku moja mama yuko jikoni, nazi kashavunja, maji yanamchuruzika mkononi, akasema "mkwe, niletee ile mbuzi hapo nje". Nikamwambia shemeji "geit", yaani mbuzi mnyama, basi akatoka. Tukangoja weee, kumbe yuko kwa jirani anafungua kamba ya beberu na jirani anamuuliza unampeleka wapi mbuzi wangu, mtu wa watu hana la kujibu. Alirudi kanywea, mama nae roho ikamuuma kweli. Ile mbuzi ya kukunia kwa wenzetu ni rasp tu, sawa na kifaa cha kukwangulia karoti.

Sasa angalia, mama alisema "ile mbuzi", hakusema "yule". Jibu lilikua humo humo mi sikusikiliza. Kwaiyo ushauri wangu mkubwa, sikiliza neno linaloambatana na jina kabla hujafungua mdomo. Kiboko huyu ni nijlpaard, kiboko hiki cha kuchapia ni zweep. Paa huyu wa porini ni antilope, paa hili la nyumba ni dak. Kiswahili chetu kinakuonesha njia kabisa, tatizo tumekizoea mno.

Alafu wao majina mengi wanayaunga. Nijlpaard ni farasi wa mto Nile, neushoorn yaani kifaru ni pembe ya pua, nungunungu ni stekelvarken, nguruwe wa miiba. Ukiyavunja hivyo hayatoki kichwani, na vineno vyao vya de na het, vile vinavyokaa mbele ya jina, vinafuata kipande cha mwisho, paard ni het basi na nijlpaard ni het. Usikariri jina peke yake, kariri na kineno chake.

Kuna sehemu watakupunja. Ngisi, dome, pweza, wote wanaweza kukwambia inktvis, samaki wa wino, na mtu wa pwani hawezi kuridhika na hilo, ukimaanisha pweza sema octopus. Mpunga, mchele, wali, vyote rijst. Ila kwenye ng'ombe wao wanachambua, koe ni jike, dume ni stier, kama hujui sema rund.

Ile g ya geit isikutishe, inatoka kooni kama kh ya kheri wanavyoitamka wazee, waliopita madrasa wanaipata siku ya kwanza.

Mwezi uliopita tuko feri na shemeji, muuza samaki akasema "taa wameisha". Nikafungua mdomo nitafsiri, shemeji akaniwahi: "Wameisha? Basi ni rog, sio lamp."