Kuhusu daftari la mdogo wako anayetibiwa mfadhaiko

Dada, umeuliza kama mdogo wako, anayetumia dawa za mfadhaiko kutoka kliniki ya hapo Kisumu, aache kuandika yaliyo moyoni kwa sababu juzi alifunga daftari akilia. Huzuni ya muda mfupi baada ya kuandika ni ya kawaida. Mwanasaikolojia James Pennebaker wa Marekani, katika utafiti wa 1986 ambapo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika kwa dakika 15 siku nne mfululizo, aliiona vilevile. Hata hivyo, wale hawakuwa wagonjwa wa mfadhaiko, kwa hiyo daktari wake aelezwe, na dawa zisiachwe.

Aandike kwa lugha inayomjia kwanza, iwe Kijaluo au Kiswahili, bila kujali tahajia, na jambo likimlemea aliweke kando aandike jingine. Ninalokusihi sana ni usilisome daftari hilo kwa siri, hata kwa nia njema, kwani akishajua linasomwa ataanza kuandika ya kukupendeza wewe. Akitaja kujiua, au hali ikizidi kuwa mbaya, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.