Muulize Shangazi: Baba alikuwa mtu wa porini, nitamsema vipi?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Baba yangu amefariki akiwa na miaka 78, na ndugu wamenichagua nisome wasifu wake kwa sababu eti mimi ndiye mwenye sauti. Nimeandika kazaliwa lini, kasoma wapi, kaajiriwa wapi, kaacha watoto wanne na wajukuu tisa. Nikiusoma simwoni. Baba alikuwa mtu wa milimani na mitoni. Siku ya mapumziko ukimkuta nyumbani, jua anaumwa. Mimi hayo sikuyarithi, kutembea nakuchukia. Waliofuatana naye ni wajukuu. Wanangu hata leo radi ikimulika huanza kuhesabu sekunde, wanasema Babu kawafundisha. Kaka yangu mkubwa anataka tuandike tu kwamba "alipenda sana mazingira na alikuwa baba wa mfano". Mama akisikia hivyo anacheka, maana wikendi za miaka mingi alibaki peke yake na sisi. Nifanyeje? (Binti wa tatu)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana.

Tarehe zako ziache, ila zisizidi mistari minne. Wanaozijua hawazihitaji, na wasiozijua watazisahau kabla hujakaa. Sentensi ya kaka yako ifute kabisa. "Alipenda mazingira" inamfaa hata mtu aliyetundika ukutani kalenda ya maporomoko ya maji.

Unachokitafuta umekitaja halafu ukakipita mbio: hizo sekunde. Mwanga wa radi tunauona papo hapo, lakini ngurumo huja nyuma kwa mwendo wa kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde 3 ni karibu kilomita 1. Watu wa nje wana kanuni yao: baina ya mwanga na ngurumo zisipotimia sekunde 30, radi imeshakuwa ndani ya kilomita 10. Acha ulichokishika, ingia ndani ya nyumba au gari, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Sasa waulize wanao: hizo dakika 30 Babu alikuwa anawaweka wapi? Alikuwa anawasimulia nini? Mzee aliyefungiwa nusu saa ndani ya gari na watoto waliolowa hana pa kujificha. Tabia yake yote hutoka hapo.

Na unapowauliza, usianze na "Babu alikuwa mtu wa namna gani?" Watakujibu "mzuri", basi. Mpe mmoja uzi na ndoana, mwambie akuonyeshe fundo la Babu. Mwingine toka naye jioni, muulize jua limebakiza muda gani. Akinyoosha mkono mbele na kupanga vidole kuanzia upeo wa macho hadi chini ya jua, akihesabu dakika 15 kwa kila kidole, hilo nalo ana mtu aliyemfundisha. Andika maneno yaleyale anayoyatumia mtoto, pamoja na makosa yake. Usiyanyooshe. Mtoto akisema "Babu alitukataza kuongea mtoni kwa sababu samaki wanasengenya", sentensi hiyo nakuomba iingie kama ilivyo.

Begi lake la mgongoni lifungue mapema, kabla hajatokea mtu nadhifu wa kulipanga upya. Tazama mifukoni. Ukikuta daftari lililoandikwa kwa penseli, ujue si kwa ubahili: penseli haichujuki mvuani. Ukikuta darubini, soma namba zake. Ikiwa ni 8x42, maana yake inakuza mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42, na hiyo ni darubini wanayoipenda sana watazama ndege, kwa kuwa inaona vizuri alfajiri na haitetemeki sana mkononi. Huenda wewe ulidhani mzee anafuata milima, kumbe alikuwa anafuata ndege. Wajukuu watakuambia.

La mama yako ni zito zaidi. Ni kweli, na kweli ina haki ya kusemwa, ila wewe siye mwenye nayo. Muulize. Akikataa, liishie hapo. Akikubali, sema mara moja tu, kavu: "Jumamosi za Baba zilikuwa za mlima, na Mama ndiye aliyebaki na sisi." Usilipambe wala usilitolee udhuru, songa mbele. Nimekaa kwenye mazishi mengi nikisikia sifa za mtu ambaye sikumjua, na huku mjane ameinamisha kichwa, na wala si kwa huzuni.

Nawe usijifanye mpanda milima. Sema wazi kwamba hukupenda kutembea na kwamba haya umeyapata kwa watoto. Waliopo wanakujua, na watakuamini zaidi.

Dakika tano zinatosha. Jisomee kwa sauti ukiwa umesimama, saa iko mbele yako, ukikata kila unapopitiliza. Nakala ya pili mpe mjukuu mkubwa, asimame karibu nawe: ukikwama, amalizie yeye.